Darubini Haipakwi Mafuta

Nimerudisha sare, nimerudisha funguo za ghala la silaha, na kijana aliyezipokea mkononi mwangu akaniuliza swali nililolisikia miaka yote ya kazi: "Mzee Marwa, hizi skrubu za darubini unawekanga mafuta gani?" Nilimtazama nikaona kwamba nikimjibu kwa mdomo nitatoa maneno ambayo mtu anayeshika Sabato hapaswi kuyatoa. Ndiyo maana naandika. Karatasi ina subira kuliko mimi.

Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi, na mshahara ni afadhali tuuache ulale. Nitasema habari za kazi yenyewe, hasa kazi moja ambayo watu huiona ndogo: kufunga darubini juu ya bunduki ili risasi iende mbali na ifike pale ulipotazama. Ni skrubu chache tu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi nimeishi na watu waliodharau miiba kwa amri ya maandishi.

Nilifika Homa Bay mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa fundi wa baiskeli na mashine za kusaga kutoka Kehancha, na barua mfukoni iliyosema nimeajiriwa kuwa msaidizi wa fundi wa silaha katika idara ya wanyamapori. Nilidhani ghala la silaha litakuwa jengo la maana. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi, dirisha la wavu, popo darini, na ndani yake Sajini Oloo, mzee mrefu mwembamba aliyeianza kazi hiyo wakati mimi nikichunga ng'ombe. Alisoma barua yangu mara mbili.

"Wewe ni Mkuria?"

"Ndiyo, afande."

"Nyinyi ni watu wa mishale. Mshale haina skrubu. Kaa hapo uangalie. Usiguse kitu mpaka nikuambie."

Bunduki nyingi za kituo zilikuwa za kawaida, za kulinda na kutishia. Moja tu ndiyo iliyokuwa na darubini, bunduki nzito ya risasi kubwa, na kazi yake ilikuwa maalumu: kiboko aliyezoea mahindi ya watu, nyati aliyetoka bonde la Lambwe akakataa kurudi, mamba aliyezijua saa za watu kuteka maji. Kutoka Homa Bay mpaka mpakani Isebania, ilikuwa hiyo moja. Ikiharibika, tulibaki na filimbi.

Wiki ya kwanza sikugusa kitu. Wiki ya pili Sajini alinipa skrubu nne na kikopo cha petroli, akasema, "Osha." Nikaosha. "Kausha." Nikakausha. Alichukua moja akaisugua kidoleni, akakinusa kidole. "Bado iko na mafuta. Osha." Niliziosha mpaka ngozi ya vidole ikapauka, na siku hiyo nilikwenda kulala nikiamini nimepangiwa kazi na mwendawazimu. Ilichukua mwezi mzima kabla hajanieleza, tena kwa kifupi. Bunduki ile ilikuwa na teke kama la punda. Kila inapopiga teke, darubini inataka kuteleza mbele, na kinachoizuia ni chuma kukwaruzana na chuma tu. Ukitia mafuta hapo, umeitengenezea njia.

Kwa hiyo shikeni hili. Ndani ya mashine ya bunduki, tia mafuta. Ndani ya mtutu, tia kidogo na uyafute kabla ya kupiga. Lakini chini ya kile kibamba kinachobeba darubini, ndani ya pete mbili zinazoibana, na kwenye skrubu zote, ni kavu. Nimeyasema maneno haya mara nyingi kuliko Sala ya Bwana, na yamesikika mara chache zaidi.

Jambo la pili ni jicho. Darubini husogezwa mbele au nyuma ndani ya pete mpaka uone duara kamili, na hilo hufanywa ukiwa umelala vile utakavyopiga, si umesimama ghalani ukijisifu. Ranja mmoja mpya, askari wa wanyamapori, alijipimia akiwa amesimama. Alipolala kifudifudi na kuvuta, shingo ikiwa imekwenda mbele, ukingo wa darubini ulimpasua juu ya jicho, ukamwachia alama ya mwezi mchanga. Aliporudi kutoka hospitali aliniambia bunduki yangu ina kasoro.

Halafu kuna wima. Ndani ya darubini zimo nyuzi mbili zilizopita msalaba, na ule wa kusimama lazima usimame kweli. Sajini alitundika timazi ya mwashi kwenye tawi, hatua mia moja kutoka meza yetu ya kupigia, akailaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, akaweka pima maji juu yake, akaniambia niizungushe darubini taratibu mpaka uzi wa wima ulale juu ya kamba ya timazi. Ilinichukua asubuhi nzima. Nilimwambia naona tayari imenyooka. "Kwa macho yako," alisema. Ukipiga karibu, kosa hilo hulioni. Ukipiga mbali inabidi uinue bunduki kidogo kwa sababu risasi hushuka njiani, na kama uzi umelala upande, kila unapoinua unakwenda pia kando. Kwa mbali sana, kando hiyo ni upana wa kichwa cha mnyama.

Baada ya hapo skrubu hukazwa kidogo kidogo, kwa kuvuka, hii halafu ile ya upande wa pili, kama nati za gurudumu. Kisha unapiga risasi tatu kwenye karatasi, unaangalia zimeangukia wapi, unarekebisha, unapiga nyingine. Darubini na mtutu vikishapatana, hugusi tena. Ukigusa skrubu hata moja, hata kwa nia njema, unaanza upya.

Tatizo ni kujua kama mtu amegusa. Dawa yake Sajini aliijua, na ndiyo iliyonitia aibu yangu ya kwanza Homa Bay. Alinituma sokoni nikanunue kuteksi nyekundu, ile rangi ya kucha. Nilisimama mbele ya kibanda cha mama mmoja nikiwa na sare na buti, nikaiomba kwa sauti ndogo. Yule mama akaita jirani zake. "Njooni muone, askari anataka kuteksi. Afande, ni ya mikono ama ya miguu?" Nilirudi ghalani nikiwa nimenuna, na Sajini akanionyesha: tone moja juu ya kila skrubu baada ya kuikaza, na mstari mwembamba unaotoka kwenye skrubu kuingia kwenye pete. Ikikauka inaishika skrubu isilegee. Na mtu akiigeuza hata kiasi cha unywele, mstari unavunjika na unamwona.

"Darubini ni shahidi," Sajini aliniambia siku hiyo, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. "Shahidi akisukumwa anasema uongo. Na anasema bila kuona haya."

Sajini Oloo alistaafu katikati ya miaka ile, akarudi kwao kulima, na ghala likawa langu. Mambo niliyokuta nikiwa peke yangu yalinipa shinikizo la damu ambalo nalimeza vidonge vyake mpaka leo. Maranja waliibeba bunduki kwa kuishika darubini, kama birika la chai. Dereva aliilaza kwenye sakafu ya gari chini ya jeki na gurudumu la akiba, kisha akanishangaa nilipopiga kelele. Ranja mmoja aliomba aazime darubini peke yake, Jumapili tu, akatazame mpira vizuri kutoka nyuma ya goli.

Lakini hao wote walikuwa malaika mbele ya Koplo Kirui. Huyu alikuwa msimamizi wa gwaride, mtu mwaminifu, hanywi, haibi, hachelewi, na aliamini kwamba kila kitu cha serikali lazima king'ae. Kila Ijumaa silaha zilipangwa uwanjani zikaguliwe, na Kirui alipita na kitambaa na kopo la mafuta kama padri na maji ya baraka. Mafuta kwenye mtutu, mafuta kwenye mkanda, mafuta kwenye bawaba za mlango wa ghala. Bunduki ya darubini nilimzuia asiiguse, kwa mwili wangu.

"Mzee," aliniuliza, "hii rangi ya wanawake inafanya nini kwa bunduki ya serikali?"

"Inanionyesha kama mtu amegusa skrubu."

"Nani ataguza?"

"Wewe."

Alicheka sana. Alidhani ni mzaha.

Mwaka uliofuata mvua za El Niño alikuja mkubwa kutoka Nairobi kukagua kituo. Mimi nilikuwa nimepewa ruhusa ya siku chache, niko nyumbani Kuria kwa mahari ya dada yangu, na sikuambiwa. Mkubwa alipita mstarini akaona wekundu juu ya bunduki yangu, akauliza ni nini. Hakuuliza ni ya kazi gani. Aliuliza kama mtu anavyouliza juu ya kinyesi cha kuku kochini. Kirui akasema, "Nitatoa, afande," na Kirui alikuwa mtu wa kutimiza neno.

Niliporudi nilikuta bunduki inang'aa hata ungeweza kujitazamia ukichana nywele. Mistari myekundu yote imetoweka. Nilikaa juu ya sanduku la risasi kwanza, kisha nikamwita.

"Kirui, ulifanya nini hapa?"

"Nilifungua yote, mzee. Nikatoa ile rangi na petroli. Halafu nikapaka mafuta kila mahali, hata ndani ya hizo ringi, nikafunga tena. Sasa hata kutu haiwezi shika."

"Ulipiga risasi ngapi kuipatanisha?"

"Risasi za nini? Hiyo ilikuwa parade, si vita."

Hasira ilinipanda nikatoka nje nikauzunguka mti mara tatu. Niliporudi nilitoa bisibisi na kikopo cha petroli nianze upya, na ndipo mkuu wa kituo akatokea mlangoni, kofia kichwani, gari likinguruma nyuma yake.

"Marwa, leta bunduki kubwa. Tunaenda Macalder sasa hivi."

Huko Macalder, kwenye machimbo ya zamani ya dhahabu, watu huponda mawe na kuuosha mchanga wake kwa karai, wakiwa wamesimama ndani ya maji ya mto Kuja mpaka magotini. Mafuriko ya mvua zile yalikuwa yamempandisha mamba mmoja mkubwa kutoka ziwani. Maji yaliposhuka, yeye alibaki, kwenye kidimbwi kirefu hapo hapo walipooshea. Alikuwa amemuua mchimbaji mmoja. Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia mtoni, na kule usipoosha huli.

Nilimwambia mkuu kwamba darubini imefunguliwa na kupakwa mafuta, kwamba nahitaji saa mbili na risasi sita. Alikuwa mtu msomi, na ndiyo maana alinijibu hivi.

"Darubini ilikuwa imefungwa kabla, sivyo?"

"Ndiyo, afande."

"Na sasa imefungwa?"

"Imefungwa, lakini—"

"Basi imefungwa. Ingia gari."

Nami nikasema, "Sawa, afande." Njiani nilizikaza skrubu kwa bisibisi huku gari likiruka mashimo, na nilijua ninakaza mafuta. Niliomba tena tulipofika, tupige risasi tatu tu mbali na mto. Mkuu alisema mlio utamtorosha mnyama, na hapo, kusema kweli, hakuwa na kosa. Saa ya kupiga risasi hizo ilikuwa imetupita tukiwa Homa Bay, mbele ya mlango wangu, nikiwa na kikopo mkononi.

Aliyetupokea alikuwa mama anayeitwa Awino, mwenye umri kama wangu, kiongozi wa wanawake waoshaji. Alikuwa na mikono minene ya mtu anayezungusha karai tangu utotoni, na alizungumza na mkuu bila kuinama hata kidogo.

"Huyo mamba, sisi tunaita nyang', tumemsoma," alisema. "Saa tatu jua ikigonga ile mchanga ya ng'ambo, anatoka. Saa tano anarudi kwa maji. Ni kama mtu wa ofisi. Ukisonga karibu ameingia. Vijana wamejaribu na mikuki na mawe, sasa akiona tu kichwa ya mtu anaenda."

"Tutampiga kutoka mbali," mkuu akasema. "Tumekuja na darubini."

"Wiki tatu hatujaosha, jaduong', mzee wangu. Mawe yetu tumetwanga, iko tu kwa magunia. Mukisema ni salama tutaingia. Lakini museme ukweli."

Tulilala katika shule moja hapo karibu, na asubuhi tukapanda juu ya lundo la mabaki ya mgodi, mahali pekee penye kificho. Mdunguaji wetu alikuwa Odhiambo, ranja mpole mwenye mkono usiotetemeka, bora kuliko wote niliowahi kufanya kazi nao. Kutoka pale mpaka mchanga wa ng'ambo zilikuwa hatua zisizopungua mia mbili na hamsini. Kichwa cha mamba unakiona kirefu, lakini mahali panapomuua hapo hapo hapazidi kikombe cha chai. Nililala kando ya Odhiambo na darubini ya macho mawili, kazi yangu ikiwa kumwambia risasi imeangukia wapi. Nyuma yetu, chini ya lundo, Awino na wenzake walikuwa wamekaa kimya na makarai yao mapajani.

Saa tatu na dakika chache alitoka kweli, kama mtu wa ofisi. Alijiburuta juu ya mchanga akalala akitupa ubavu. Odhiambo alivuta pumzi, akaitoa nusu, akapiga.

Niliona mchanga ukiruka. Uliruka kulia kwa kichwa, kiasi cha urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na mamba akajipinda akaingia majini kwa mkupuo mmoja. Odhiambo alinigeukia. Yeye alijua mkono wake ulikuwa pale pale. Nilivuta bunduki kwangu. Darubini ilikuwa imeteleza mbele ndani ya pete, na nyuma yake ilikuwa imeacha mstari unaong'aa wa mafuta, upana wa ukucha. Niliusukuma kwa kidole gumba ule mrija wa darubini, nikiwa nimepiga magoti juu ya lundo, na ukatembea.

Mkuu alikuwa tayari amesimama wima. "Amepigwa," alisema kwa sauti ya kusikika hadi chini. "Mmeona alivyojipinda? Ameenda kufia majini." Mtu mmoja akasema ameona damu. Maji ya Kuja baada ya mvua ni mekundu siku zote kwa sababu ya udongo, angeweza kuona damu hata Jumatano iliyopita. Watu walipiga makofi na wanawake wakapiga vigelegele. Mkuu alitaka kuwahi Homa Bay kuandika ripoti.

Nilitelemka na bunduki begani. Awino alikuwa amesimama njiani, peke yake, mikono kiunoni. Hakuwa amepiga kigelegele.

"Fundi," aliniambia, "huyo nyang' amekufa?"

Mkuu alikuwa hatua kumi nyuma yangu. Odhiambo alikuwa mbele, amekwisha kuingia garini. Nilikuwa na jibu, nilikuwa nimelishika kwa kidole gumba muda mfupi uliopita. Nikasema, "Afande amesema amekufa, mama."

Aliniangalia kidogo, kisha akanipisha.

Niliingia garini. Nilikuwa na hasira na Kirui, na mkubwa wa Nairobi, na mkuu, na kila mtu aliyewahi kushika kopo la mafuta. Nilizipanga hasira hizo moja moja mpaka tukafika Homa Bay, na usiku nililala vizuri, jambo ambalo hadi leo linanikera.

Siku ya sita simu ya upepo ilileta habari kutoka Macalder. Waoshaji walikuwa wamerudi mtoni. Mamba alikuwa amemkamata Awino mkono wa kulia alipoinama kuchota maji kwa karai. Wenzake walimvuta, wakampiga mnyama kwa majembe na nyundo za kupondea mawe, wakamwokoa mama. Mkono haukuokoka.

Sikumwomba mtu ruhusa. Niliifungua darubini, nikaosha kila kitu kwa petroli mara tatu, nikanusa kidole. Nilitundika timazi nyuma ya kituo. Nilimwita Odhiambo tukapiga risasi nane, na mlio wake ukamtoa mkuu ofisini. Alikuja hadi mezani, akaangalia karatasi, akaangalia kuteksi mbichi juu ya skrubu, akarudi ndani. Kirui alisimama pembeni na kitambaa chake. "Mzee, mimi sikujua," alisema. Nilimjibu kwamba nilikuwa nimemwambia. Ilikuwa kweli, na haikunisaidia.

Siku mbili baadaye, saa tatu asubuhi, kutoka juu ya lundo lile lile, Odhiambo alimpiga mamba risasi moja, na mnyama hakusogea tena. Watu walimvuta nchi kavu kwa kamba. Walimgeuzageuza wakitafuta jeraha la zamani, lile alilokufa nalo mara ya kwanza, na hawakuliona. Lilikuwako tundu moja tu. Mzee mmoja aliingiza kidole ndani ya tundu, akaniangalia, akaenda zake.

Ripoti ya kwanza ilikwisha kufika Nairobi, imesema mamba ameuawa. Mkuu hakuweza kuandika kwamba amemuua tena. Basi akaandika kwamba amejitokeza mamba wa pili. Mto Kuja ulikuwa na mamba mmoja, faili lina wawili, na mtu yeyote akifanya utafiti wa mamba wa Nyatike, huko upande wa Macalder, namwomba apunguze mmoja.

Jumapili iliyofuata nilikwenda hospitali alikolazwa Awino. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi njiani. Nilitaka kumweleza habari ya mafuta, ya gwaride, ya mkubwa aliyeuliza kuhusu rangi, ya risasi sita nilizonyimwa. Alikuwa ameketi kitandani, bega la kulia limefungwa bendeji nene, ameshika redio ndogo na mkono wa kushoto. Aliizima aliponiona.

"Mama, mamba tumemuua," nikasema. "Safari hii ni kweli."

"Nimesikia. Ero kamano. Asante."

Nikaanza habari ya darubini. Alinisikiliza mpaka nikafika kwa Kirui na kopo lake, kisha akanikatiza, bila ukali.

"Hayo ya mafuta mimi sijui. Mimi nilikuuliza swali moja."

"Mkuu ndiye alikuwa amesema—"

"Mkuu sikumuuliza. Mkuu alikuwa anaangalia maji. Watu wote walikuwa wanaangalia maji. Wewe peke yako ndio ulikuwa unaangalia bunduki. Nikasema, huyu ndiye anajua, nitamngoja hapa kwa njia nimuulize yeye."

Nilikuwa nimekuja na machungwa manne katika mfuko wa karatasi. Nilimpa. Alitoa moja, akaliweka juu ya shuka, akaligeuza kwa mkono uliobaki akitafuta pa kuanzia kulimenya, kisha akaliacha likabingirika hadi gotini. Nikavuta kiti. Nilitoa kisu changu mfukoni, nikalimenya, nikaligawa vipande, nikampa kimoja kimoja mpaka muuguzi alipokuja kuniambia saa ya wageni imekwisha.